Bi Lai Yueh-hsia, Mlinzi wa Mtambo Usiozimika

Bi Lai Yueh-hsia alizaliwa tarehe 14 Februari 1952 huko Budai, Chiayi, mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Lai Tien-fu, mvuna chumvi, na marehemu Mama Hung Mei.

Alisoma Budai, kisha sekondari mjini Chiayi. Hesabu aliipenda kuliko kula. Shangazi yake alipomtania, "We mtoto, nani ataoa kikokotoo?" alijibu, "Asiyejua kujumlisha, shangazi." Mwaka 1974 alihitimu uhandisi huko Hsinchu.

Mwaka huohuo aliajiriwa na benki moja ya Taipei, akaitumikia hadi alipostaafu mwaka 2012. Benki iliponunua mtambo wa kompyuta usiozimika, ambao kila kiungo kina pacha wa kushika kazi mwenzake akianguka, yeye ndiye aliyekabidhiwa kuanzisha programu ya ulinzi. Mwanzoni aliiacha itazame tu wanaoingia mtamboni, hadi akajua nani anapita wapi. Kisha akairuhusu kuzuia. Siku hiyo mkuu wa benki, Mkurugenzi Ku, aliulizwa nywila kama karani yeyote, akaja juu.

"Binti, mimi nami naulizwa?"

"Mlinzi akizoea kupisha wakubwa, Mzee, mwizi atakuja amevaa suti."

Wengi walidhani kazi imemwishia hapo. Agosti 1987 kimbunga kilipitisha maji darini, nusu ya mtambo ikafa mchana kweupe, kaunta zikiwa zimejaa wateja. Ku alikuja mbio. "Lai, zima huo ulinzi wako! Unatuchelewesha!"

"Upande wa pili wa mtambo umeshaamka, Mzee. Siku ya vurugu ndiyo siku ya mwizi. Ulinzi siuzimi, hata ukinifukuza."

Wateja waliendelea kuhudumiwa, hawakujua lolote. Ukaguzi ulipofanywa, ilibainika kwamba katikati ya vurugu ile mtu alijaribu kuingia kwa jina la Ku mwenyewe, akakataliwa. Mafundi wetu huweka juu ya mtambo pakiti ya kijani ya bisi, ambayo jina lake kwa lugha yetu ni "mtiifu", ili nao mtambo uwe mtiifu. Ku alileta mbili: moja akaiweka juu ya mtambo, ya pili mezani kwa Bi Lai, akainama mbele ya ofisi nzima.

Mwaka 1979 aliolewa na Bw. Chuang Wen-lung, mwalimu wa muziki, ambaye hadi leo hucheka: "Benki nzima aliilinda, funguo za nyumba alizisahau kila wiki."

Mwaka 2021 aligundulika kuwa na saratani ya mapafu. Aliugua bila kununa. Bi Shih Hui-chun, mwanafunzi wake wa kazi pale benki, alikuja kumwarifu kwamba wamehamia mtambo mpya na benki haikufungwa hata kidogo. Marehemu alimshika mkono. "Nilijua mtaweza. Sasa nenda ukale, mwanangu, umekonda."

Alifariki tarehe 3 Novemba 2023 hapa Taipei, mumewe akiwa kando yake.

Ameacha mume, binti yake Pei-ju, mwanawe Po-han, wajukuu watatu, mdogo wake Lai Chin-shan, na mafundi wengi wanaomwita mwalimu. Pumzika salama, Mama. Zamu yako umeimaliza kwa heshima.