Barua za Leilua kwa Pita Holst

Wapendwa mliovuka bahari na mliotoka nyumba ya pili, mimi Sose, binti wa pili wa marehemu, nasoma kwa niaba ya familia.

Baba yetu, Leilua Tavita, alizaliwa tarehe 14 Machi 1931 hapa Safotu, kisiwani Savai'i, akasoma shule ya misheni ya kijiji na baadaye mjini Apia, ambako alikaa dawati moja na Pita Holst, mtoto wa mnunuzi wa mbata. Alianza ualimu mwaka 1953, akamwoa mama yetu, Sieni, tarehe 6 Septemba 1958, wakajaliwa watoto watano, akaingia bungeni mwaka 1964, kisha akawa waziri wa ardhi, na Pita naye alikwishakuwa tajiri wa maghala na meli.

Baba na Pita waliandikiana kila wiki, ukurasa wa kwanza siasa na bei ya mbata, wa pili ndoto za Baba, maana aliota sana, bahari ikipanda mlimani taratibu, samaki wakipita kati ya mishelisheli, na Mama akilalamika, "Mke wako ni mimi, ndoto unampelekea Pita!"

Mwaka 1979 Pita aliomba kibali cha kukata msitu ulio juu ya kijiji hiki. Baba akamjibu, "Pita, jana nimeota tunatembea humo, njiwa wanakuita kwa jina, wewe unaona haya kuitika. Sitii sahihi." Pita akaandika, "Waziri mzima unatawala kwa ndoto! Haya, endelea kulala." Uchaguzi wa 1982 akamfadhili mpinzani, Baba akapoteza kiti, akarudi kulima majimbi, akawa kila wiki anamwandikia Pita barua asizozituma, anazilaza ndani ya kasha.

Kimbunga cha Februari 1990 kiling'oa paa letu, na meli ya kwanza ikaleta mabati na kikaratasi cha Pita, "Njiwa wako wapo?" Baba akajibu palepale gatini, "Wapo, wanakuulizia," akampelekea na kasha zima.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2001, na tarehe 2 Juni 2003, saa nne asubuhi, mvua ikinyesha, alifariki hospitalini Apia.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliosuka mikeka, wabunge wenzake, na Mzee Pita aliyeketi hapa mbele, ambaye jana nilimwuliza kwa nini alizitunza barua zote, akaniambia, "Mwanangu, usingizi wangu mimi ni mtupu, sijawahi kuota hata mara moja. Nilikuwa naota kwa barua zake."

Lala, Baba, katika amani uliyotuachia.