Derek Thackray wa Pande Zote Mbili za Mto

Jumatatu ya tarehe 9 Februari 1948, saa nne asubuhi, Bi. Nellie Thackray wa mtaa wa Weir, upande wa kaskazini wa mto hapa Aldersby, alikuwa akikamua jezi za buluu za klabu ya Town, ambazo alizifua nyumbani kwake kila wiki ya msimu, na alikuwa amefikia jezi ya tano, jirani yake alipochungulia juu ya ukuta na kumpa habari ambayo mwenyewe hakuwa ameitambua.

"Nellie, mama, hayo maji miguuni pako si ya pipa. Mtoto huyo!"

"Basi angoje," alisema Bi. Nellie, "zimebaki sita."

Hakungoja. Ndivyo alivyozaliwa marehemu Derek Thackray, ambaye leo tumekuja kumsindikiza, mtoto wa pili na wa mwisho wa Bwana Harold Thackray, mfanyakazi wa kiwanda cha nguo, na Bi. Nellie, akimfuata kaka yake Wilfred, aliyezaliwa mwaka 1942. Baba yao alifariki mwaka 1957, na tangu hapo Wilfred, akiwa na miaka kumi na mitano, alikuwa kaka na baba kwa wakati mmoja.

Katika nyumba ile kulikuwa na sheria mbili, nazo lazima zitajwe, kwa sababu historia hii yote inazitegemea. Ya kwanza, kila nguo yenye tope ilitupwa kwenye lundo kando ya mlango wa nyuma, bila kuuliza ni ya nani. Ya pili, chakula cha Jumapili hakikumiminiwa mchuzi mpaka Bi. Nellie ahesabu watu, akigonga kila sahani kwa upawa, na kama mmoja hayupo alitajwa jina kwa sauti, ndipo mchuzi ukapita.

Marehemu alisoma shule ya msingi ya mtaa wa Weir kuanzia mwaka 1953 hadi 1959, kisha shule ya sekondari ya wavulana hadi Julai 1963, alipoacha masomo akiwa na miaka kumi na mitano, na mwalimu wake wa hesabu aliandika katika ripoti ya mwisho kwamba kijana huyu ana akili nyingi, zote ziko kwenye mguu wa kushoto.

Mwaka huohuo aliingia Town kama mwanafunzi wa mpira, akisafisha viatu vya wakubwa na kufagia jukwaa, chini ya macho ya kaka yake, ambaye tayari alikuwa mtunza vifaa wa klabu, na Jumamosi ya tarehe 2 Oktoba 1965 alicheza mechi yake ya kwanza, beki wa kushoto, akiwa amevaa jezi iliyofuliwa na mama yake, iliyokunjwa na kaka yake. Aliichezea Town mechi mia moja na tisini na nane.

Alifunga ndoa na Bi. Hazel Pickup Jumamosi ya tarehe 7 Juni 1969, katika kanisa la Wamethodisti la mtaa wa Weir, baada ya msimu kwisha, kwa sababu Wilfred, aliyekuwa msimamizi wake, alikataa katakata harusi ya wakati wa ligi.

Mwezi Agosti mwaka 1971 meneja wa Town alimwita ofisini na kumwambia, "Derek, wenzetu wa ng'ambo wanakutaka, na sisi tunataka paa la jukwaa la mashariki. Nenda salama." Wenzetu wa ng'ambo walikuwa Wanderers, wekundu, watani wetu wa jadi. Hakuomba kwenda, wala hakuulizwa, lakini mashabiki hawasomi mikataba, na paa lile, ambalo wengi wenu hapa mmejikinga chini yake miaka arobaini na zaidi, lilijengwa kwa fedha za mguu wake.

Bi. Hazel aliihisi hali hiyo kabla ya mumewe, kwa kuwa yeye ndiye aliyekwenda dukani. Muuza nyama aliyemuuzia tangu utotoni alifuta kisu chake taratibu, akamwambia, "Bibi Thackray, nyama ya upande wako inauzwa kule ng'ambo ya daraja." Mlango wao ulimwagiwa rangi nyekundu mara mbili. Uwanjani waliimba, "Derek, Derek, ukiamka unavaa rangi gani?" naye nyumbani aliucheka wimbo huo, akasema angalau una mahadhi mazuri, lakini Bi. Hazel, aliyekuwa na mimba ya kwanza, aliacha kulala upande wa dirisha.

Mezani kwa Bi. Nellie hakuna kilichobadilika. Wilfred alimtania, "Karibu, mgeni, kwenu wanakula kwa uma?" na marehemu alijibu, "Kwetu tunakula tukiwa tumeshinda," nao wakasukumana kama watoto. Bi. Hazel alisema baadaye kwamba miezi ile, kila sahani ilipogongwa, watu walikuwa wanne na hesabu ilikuwa sawa, naye hakujua kuwa hicho ndicho alichopaswa kushukuru.

Sasa tunafika kwenye wiki ambayo marehemu alitaka isomwe mbele yenu bila kupunguzwa neno.

Jumatatu ya tarehe 14 Februari 1972, akitoka mazoezini ng'ambo, alipita kwa mama yake kula, akavua soksi zake za Wanderers, mpya, nyekundu, zimejaa tope, na kwa mazoea ya miaka yote akazitupa kwenye lundo kando ya mlango wa nyuma. Lundo la siku hiyo lilikuwa bukta nyeupe za Town, za mechi ya watani ya Jumamosi. Bi. Nellie, ambaye macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu na hakutaka mtu ajue, aliingiza vyote kwenye pipa la kuchemshia. Wachimba makaa walikuwa wamegoma, umeme ulikatwa kwa zamu, na zamu ya mtaa wa Weir iliangukia Alhamisi jioni, Wilfred alipokuja kukunja, hivyo alikunja kwa mshumaa, na kwa mshumaa kila kitu cheupe kina wekundu kidogo.

Jumamosi ya tarehe 19, katika chumba cha kubadilishia nguo, sanduku lilifunguliwa na bukta kumi na moja zikatoka zikiwa na rangi ya waridi. Hazikuwepo nyingine. Wachezaji wa Town waliingia uwanjani hivyo hivyo, mbele ya watu elfu kumi na mbili, wakafungwa mabao matatu kwa bila, na nusu ya jukwaa la wageni walilia kwa kicheko.

Jumatatu asubuhi Wilfred aliitwa na viongozi. Bi. Nellie alikwenda naye, akasema kosa ni lake, ni kitambaa chake cha vumbi kilichochuja rangi, lakini hawakumwamini, na mmoja wao alimwambia Wilfred maneno ambayo mji mzima uliyajua kabla ya chakula cha mchana: "Damu nzito kuliko maji, nawe umetuonyesha damu yako ni ya rangi gani." Akaondolewa kazini baada ya miaka kumi na mitatu. Hakufanya tena kazi ya mpira.

Marehemu alijua tangu Jumamosi ileile, alipoziona bukta zile zikiingia uwanjani. Alijua soksi zake ziko wapi. Akanyamaza. Alimwambia mkewe miaka mingi baadaye kwamba aliogopa, kwani nani angeamini kuwa beki wa Wanderers alisahau soksi nyekundu katika bukta za Town wiki ya watani kwa bahati mbaya, na kama rangi ilimwagwa mlangoni kwa kosa la kusajiliwa, je, kwa kosa hili wangemwaga nini, na mke ana mimba ya miezi saba? Alipanga kusema mtoto akizaliwa. Mtoto, Lorna, ambaye ndiye anayewasomea, alizaliwa tarehe 3 Mei 1972, na mdogo wake Philip tarehe 20 Septemba 1975, na baba yao hakuwa amesema.

Jumapili ya kwanza baada ya kufukuzwa, Wilfred hakuja mezani. Bi. Nellie aligonga sahani tatu, akasema, "Na Wilfred hayupo," akamimina mchuzi. Alisema hivyo kila Jumapili mpaka alipofariki mwezi Machi 1988. Siku ya mazishi yake ndugu hao wawili walilibeba jeneza, mmoja mbele mmoja nyuma, bila kupeana neno. Upawa ulikuja kwa Bi. Hazel, na pamoja nao ile hesabu.

Marehemu aliacha mpira mwaka 1978 kwa sababu ya goti, akawa mpeleka barua kwa miaka thelathini, pande zote mbili za mto, jua na theluji, katika kila mtaa isipokuwa mmoja. Mtaa wa Tenter, anakoishi Wilfred, alibadilishana na mwenzake. Mwenzake alipomuuliza kuna mbwa gani huko, alijibu, "Hakuna mbwa. Kuna mlango."

Mwaka 2014 alianza kusahau. Alikutwa na viatu ndani ya tanuri, na akapeleka barua ya matangazo kwa jirani aliyekwisha fariki. Madaktari walisema ni ugonjwa wa ubongo, wakauliza kama alikuwa akipiga mipira mingi ya kichwa, Bi. Hazel akajibu kwamba alikuwa beki. Tarehe 11 Novemba 2016, akimenya viazi, alikisimamisha kisu na kumwambia mkewe habari yote ya soksi, tangu mlango wa nyuma mpaka sanduku.

"Nenda ukamwambie kaka yako," Bi. Hazel alisema.

"Nitakwenda."

"Lini?"

"Nikipona kidogo."

Hakuna kupona kidogo katika ugonjwa ule, na Bi. Hazel alilijua hilo. Hofu yake sasa haikuwa kwamba mumewe atakufa, maana sote tutakufa, bali kwamba atasahau kabla hajasema, na Wilfred atakaa na kosa lisilo lake hadi kaburini, na mwenye kosa atakuwa mbele yake akitabasamu bila kujua lolote. Akawa anampima. Kila asubuhi, akimfunga vifungo vya shati, alimuuliza, "Derek, soksi ilikuwa ya nani?" naye alijibu, "Yangu." Siku nyingine alijibu haraka, siku nyingine baada ya dakika nzima, na dakika hiyo Bi. Hazel alibaki ameshika kifungo kilekile. Alimwandikia Wilfred barua tatu. Hazikujibiwa.

Jumatano ya tarehe 27 Februari 2019 alimuuliza kama kawaida, na marehemu akamtazama kwa adabu, kama anavyotazamwa mtu wa dukani.

"Soksi gani, mama?"

Bi. Hazel alivaa koti, akamwachia Philip baba yake, akavuka daraja kwa miguu na kugonga ule mlango wa mtaa wa Tenter.

"Shemeji," alisema, hata hajakaribishwa, "ana jambo la kukuambia na limeanza kumtoka."

"Nimelingoja miaka arobaini na saba," Wilfred alisema. "Asiniharakishe leo."

"Si yeye anayekuharakisha. Jumapili, saa kumi na moja. Ukija umekuja."

Marehemu alifariki nyumbani, kitandani kwake, Alhamisi ya tarehe 7 Machi 2019, saa moja asubuhi, akiwa na umri wa miaka sabini na mmoja, kwa homa ya mapafu iliyokuja juu ya ugonjwa wake. Ameacha mjane, watoto wawili na kaka mmoja.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa kliniki ya wanaopoteza kumbukumbu, waliojibu swali lilelile mara ishirini bila kukunja uso, majirani waliomrudisha nyumbani kila alipopotea, wa buluu na wa nyekundu, wafanyakazi wenzake wa posta, na wachezaji sita wa zamani waliolibeba jeneza leo, watatu wa Town na watatu wa Wanderers, ambao wamekubali wasiweke skafu ya upande wowote juu yake. Tunawaomba mliokuwa na neno juu ya Wilfred Thackray mwaka 1972 mliweke chini leo mkitoka.

Limebaki jambo moja, ambalo Bi. Hazel ameomba lisomwe mwisho.

Jumapili ya tarehe 3 Machi, saa kumi na moja, pai ya nyama na viazi ilikuwa mezani na sahani tano zimepangwa. Saa kumi na moja na robo viti vinne vilikuwa na watu. Lorna alisema chakula kinapoa. Bi. Hazel alisema acha kipoe. Saa kumi na moja na nusu mlango wa nyuma ulifunguliwa, akaingia Wilfred bila hodi, kama mtu aliyetoka hapo jana, na kabla ya kuketi alitoa mfukoni soksi moja, nyekundu iliyopauka, akaiweka mbele ya mdogo wake.

Wilfred aliikuta kwenye kitako cha pipa, Ijumaa ya kabla ya mechi ile ya mwaka 1972, alipokwenda kumsaidia mama yake kumwaga maji, ila hakujua ilichokifanya mpaka sanduku lilipofunguliwa. Tangu hapo alijua ni ya nani, na mbele ya viongozi hakusema.

Marehemu aliitazama muda mrefu. Aliichukua, akaigeuza, akatia vidole mpaka kisiginoni, kisha uso wake ukabadilika, ukawa wa mtoto.

"Wilf," alinong'ona, "hii yangu. Niliitupa kwenye lundo. Usimwambie Mama."

Wilfred aliketi.

"Sijamwambia mtu, mdogo wangu," alisema. "Kula."

Bi. Hazel akachukua upawa. Aligonga sahani ya Derek, ya Wilfred, ya Lorna, ya Philip, na yake mwenyewe, akafika tano, akasimama hapo kidogo kwa mazoea, akitafuta jina la kutaja, na hakulipata, ndipo akamimina mchuzi.

Lala kwa utulivu, Derek. Tulihesabiwa, tukatimia.