Pale Kidole cha Mzee Bong Kinapopumzika

Waheshimiwa machifu, Mchungaji, mama zetu wa soko la Luganville, ndugu wageni waalikwa, nanyi wachoraji mliokuja na wino vidoleni: nawasalimu nyote kwa upendo.

Nimeombwa nimuage Madlen Garae, mchoraji wetu wa katuni, anayerudi kwao kisiwani Ambae kwa kuwa volkano imetulia. Nimekuwa mwalimu maisha yangu yote, kwa hiyo mnivumilie nikieleza jambo moja polepole.

Madlen alipohamia kwetu akikimbia majivu, alitaka kufundisha hadithi za katuni bure, kwa yeyote: muuza viazi vikuu asiyejua kusoma, mzee asiyesikia, mtoto aliyeacha shule. Walichora kwa makaa juu ya mifuko ya saruji. Kilichokosekana ni paa, na paa pekee la kutosha lilikuwa la Mzee Bong, ambaye ameketi hapa mbele na anajifanya hanisikii.

Mnajua Mzee anavyochora mchangani: kidole kikishagusa mchanga, hakiinuki mpaka hadithi iishe. Basi alipoona ukurasa wa Madlen umegawanywa visanduku, aliwaamuru wanafunzi wakusanye vitu vyao waondoke.

"Binti, mchoro umeukatakata kama mkate wa laplap wa sherehe," alisema. "Umeshakufa huo. Chini ya paa langu hatuchori maiti."

Wangapi kati yetu wangebishana naye? Wangapi wangeondoka wakilia? Madlen alipiga magoti, akamwomba amchoree kasa. Mzee akachora huku akisimulia, nasi tukatazama mpaka mwisho.

"Babu," Madlen akasema taratibu, "pale shingoni ulinyamaza mpaka nikadhani umesahau."

"Nisahau nini? Pale kasa anayaacha mayai yake. Lazima watu wapumue."

"Basi nafasi kati ya visanduku vyangu ndipo hapo, babu. Ni mahali pa kupumua."

Mzee akatuambia kwamba mikeka iko nyuma ya mlango, tuitandike.

Tangu siku hiyo, ndugu zangu, kila anayejifunza hapa humfundisha mwenzake kabla ya kuonyesha kazi yake. Ndiyo maana mama Rosina, asiyejua hata herufi moja, ameichora bustani yake ya kule Ambae iliyofunikwa na majivu, na soko zima likasimama kuisoma. Je, bila Madlen tungeyajua yaliyomo moyoni mwa jirani yetu?

Leo asubuhi nilikuja kufagia, Mzee Bong akanizuia mlangoni. Alikuwa ameanza kuchora kasa mchangani pale kizingitini, akafika shingoni, akaacha. Nimemfahamu tangu utotoni, sijawahi kuona jambo hilo. Nikamuuliza, "Kaka, umeinua kidole?"

"Nimepumzika tu," akanijibu. "Huyu kasa, binti atakuja kummalizia."

Madlen, mwanangu, tunakushukuru. Nanyi nyote, asanteni kwa kunipa masikio yenu. Na mkitoka, naomba mpite mlango wa pembeni.