Kitanda cha Ottavio

Benchi la mbele ya mkahawa wa Palmira, mjini Vignasca, lilitengenezwa kwa watu wanne. Wanaolikalia ni watatu na bado haliwatoshi, maana Meya peke yake hukaa kama baraza zima la mji. Meya hajawahi kuwa meya. Aligombea mara tatu, akaanguka mara tatu, jina likamganda. Kushoto kwake hukaa Profesa, aliyefagia madarasa ya shule ya msingi na kugonga kengele yake kwa miaka thelathini na mbili, na ambaye kwa kusikiliza mlangoni alijua kila somo nusu yake. Wa tatu ni Delfino, fundi mstaafu wa injini za vivuko, ambaye kwa pwani hii yote ya ziwa anaitwa Spana. Alhamisi hiyo ya Aprili, saa kumi kasoro dakika chache jioni, upepo wa Breva ulikuwa umeshaanza kupandisha viwimbi kutoka kusini, Palmira alikuwa ameshaleta kahawa ya kwanza, na Spana alikuwa amekuja na karatasi.

— Nini hiyo? Meya akauliza. Wosia?

— Ottavio anakuja, Spana akasema.

Profesa akarudisha kikombe mezani bila kunywa. Hapakuwa na mtu Vignasca asiyejua habari za Ottavio. Ni kaka yake Spana, aliyeondoka kwenda Argentina akiwa na miaka ishirini na miwili na sanduku moja la mbao. Miaka thelathini na mmoja iliyopita mama yao alifariki, na Ottavio hakuja kuzika. Spana alimpigia simu usiku wa matanga akamwambia neno moja tu: usirudi tena. Tangu hapo, kimya. Wala kadi ya Krismasi.

— Nani kakwambia? Palmira akauliza kutoka mlangoni, kitambaa begani.

— Binti yake, Graciela. Kaniandikia kwenye simu.

Akatoa miwani na simu mfukoni, akasoma polepole, kama mtu anayesoma barua ya mahakama.

— “Baba mdogo, shikamoo. Baba anataka kuliona ziwa. Wiki ya kwanza ya Juni, siku tano. Pensheni yake ni ndogo. Unajua mahali pa bei nafuu pa kulala?” Basi. Hakuna zaidi.

— Na we ukamjibu nini?

— Nikamwambia natafuta.

Siku tatu alikuwa anatafuta. Aliuliza hoteli zote za ukingoni, na bei ya usiku mmoja ilikuwa bei ya kuni za mwezi wa Januari. Ndipo akaikumbuka hosteli, ile iliyofunguliwa katika kiwanda cha zamani cha hariri, karibu na kijito. Akakaa usiku na karatasi, akapanga.

— Nisikilizeni, mnisahihishe, akasema. Aingie Jumapili, atoke Ijumaa, maana Jumamosi bei inaruka. Chumba cha watu sita. Jikoni wanaruhusu kupika, kwa hiyo unga wa mahindi wa kupikia polenta nitampelekea mimi. Taulo aje nayo, la sivyo wanakodisha. Kufuli ya kabati aje nayo. Kivuko achukue tiketi ya siku nzima, siku moja tu, Jumatano. Siku nyingine miguu ipo.

— Chumba cha watu sita! Profesa akashika kichwa. We Spana, una akili timamu? Mle kuna vitanda vya dabo deka. Juu mtu, chini mtu.

— Sasa je? Ni kitanda.

— Wahenga walisema, aliye juu mngoje chini. Unajua maana yake? Anayelala chini kazi yake ni kungoja wa juu amdondokee.

— Hiyo siyo maana yake, Palmira akasema.

— Ndiyo maana yake mle hostelini.

Meya akakohoa, kile kikohozi chake cha jukwaani.

— Kudondoka ni jambo dogo. Tatizo ni mikoromo. Wajerumani wanashuka toka milimani na baiskeli, wamechoka. Wakilala sita wakakoroma pamoja, plasta inashuka. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Kile kiwanda kina nyufa, mimi niliziahidi kwenye kampeni ya pili.

— Uliahidi nyufa?

— Niliahidi kuziziba!

— Na kifungua kinywa, Profesa akadakia, unajua wanakupa nini? Mkate wa jana. Makusudi kabisa. Ili ukiona mkate wa jana ukimbilie dukani kununua wa leo. Hosteli na mwoka mikate lao moja.

— Mwoka mikate anaishi chini yangu, Spana akasema. Hata salamu hawapeani.

— Ndiyo wanavyojificha!

Spana akacheka, ingawa moyoni hakuwa na cheko. Alitaka wamwambie kama mpango wake una shimo. Badala yake kila mmoja alikuwa anachimba lake.

— Mimi nilisikia, Meya akaendelea huku akisogea mbele, kwamba pasipoti zote wanazitia kwenye boksi moja. Asubuhi kila mtu anachukua iliyo juu. Kuna Mholanzi aliingia pale na mkewe, akatoka Mpolandi.

— Na mke?

— Mke hakugundua mpaka Milano.

Palmira alicheka mpaka akaegemea mlango. Wakati huo mwanamke mmoja wa makamo, rangi ya ukutani imemkaukia mikononi, aliyekuwa amesimama karibu tangu Spana aliposoma ujumbe, alikaa kwenye meza ndogo ya pembeni akaagiza kahawa. Hawakumjua, na kwa kuwa hawakumjua waliongeza sauti.

— Mpeleke mnarani, kwenye kengele ya kanisa, Profesa akashauri. Funguo ninazo. Hewa safi, ziwa lote analiona.

— Na kengele ikilia saa kumi na mbili asubuhi? Spana akauliza.

— Ataamka mapema. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

— Atapona masikio? Palmira akamkata. Lakini Spana, hebu niambie kitu. Kwa nini asilale kwako?

Swali hilo Spana alikuwa amelingoja kwa siku tatu.

— Kwangu chumba kimoja, Palmira. Kitanda kimoja na kochi ambalo hata paka hulikimbia.

Palmira alimtazama tu, na Spana akaangalia ziwani. Jibu lake lilikuwa la kweli, ila nusu. Nusu ya pili ilikuwa ule usiku wa kwanza. Wazee wawili ndani ya chumba kimoja, taa imezimwa, na katikati yao miaka thelathini na mmoja. Nani angeanza kusema? Angesema nini? Hosteli ilikuwa na watu wengine, na mlango, na saa ya kufunga. Angeweza kumwambia kaka yake usiku mwema getini, akaenda zake.

— Fahari wawili hawakai zizi moja, Profesa akasema, na safari hii, pengine kwa bahati mbaya, methali yake ilikaa mahali pake.

Yule mwanamke wa mezani akaweka kikombe chini.

— Samahani, mzee, akamwambia Spana. Huyo kaka yako, anaweza kupanda ngazi?

Benchi zima likamgeukia.

— Ngazi gani? Meya akauliza.

— Ya kitanda. Wiki hiyo vitanda vya chini vya chumba cha watu sita vimekwisha, kimebaki kimoja tu. Vya juu vipo. Ndiyo nauliza, anaweza kupanda, au nimshikie cha chini?

— Na we nani, dada?

— Naitwa Nives. Nimekuja tangu Pasaka, toka Udine. Hosteli naiendesha mimi.

Meya akakumbuka ghafla kwamba kiatu chake kinahitaji kufungwa kamba. Profesa akaanza kusoma bango la kivuko, ambalo alikuwa amelisoma kila siku kwa miaka tisa.

— Mkate ni wa leo, Nives akaongeza kwa upole. Pasipoti huwa narudisha papo hapo. Ila mikoromo sikatai.

Kisha akamrudia Spana.

— Anaweza?

Spana akafungua mdomo. Ottavio anayemjua yeye alikuwa anapanda ukuta wa bandari kwa mikono mitupu na kujirusha majini toka paa la ghala la chumvi. Huyo aliondoka na miaka ishirini na miwili. Anayekuja alikuwa na sabini na minne, na Spana hakujua kama ana magoti, kama ana fimbo, kama ana meno. Hakujua kama analala mapema. Hakujua hata sauti yake sasa ikoje.

— Sijui, akasema.

— Profesa? Spana akamgeukia.

— Mimi nitajuaje?

Kivuko cha saa kumi na robo kikapiga honi na kutia nanga.

— Namba unayo, Palmira akasema.

— Ninayo ya Graciela.

— Anaishi na baba yake. Kule sasa ni saa tano asubuhi. Hajalala mtu.

— Nitampigia kesho.

— Cha chini ni kimoja, mzee, Nives akasema, na kesho mimi siwezi kukuapia.

Spana alisimama. Angependa kwenda mbali na benchi, lakini miguu ilimpeleka hatua nne tu, mpaka kwenye ule mnyororo wa ukingoni, akaishia hapo. Akatafuta namba ya Graciela, akabonyeza. Simu ikaita muda mrefu. Binti akapokea, akapiga kelele za furaha, kisha kelele zikawa mbali, zikasikika hatua za mtu zikiburutwa, na kiti kikisogezwa.

— Haloo, sauti nzito ikasema. Nani?

— Mimi.

Spana alisikia pumzi. Alisikia pia, huko nyuma, ndege wa kufugwa akilia ndani ya kizimba chake.

— Delfino, Ottavio akasema. Haikuwa swali.

— Nina jambo la haraka. Unaweza kupanda ngazi?

— Ngazi?

— Ya kitanda. Kuna hosteli. Kuna kitanda cha juu na cha chini. Wanauliza.

Ottavio alianza kucheka taratibu, kicheko chenye kikohozi ndani, na Spana akajikuta anakijua. Kilikuwa kicheko cha baba yao.

— Goti la kulia limekufa tangu mwaka juzi, akasema. La kushoto linanguruma. Nishikie cha chini.

— Haya. Cha chini.

— Na we unalala wapi?

— Mimi? Kwangu.

— Kwako ni wapi?

— Juu ya duka la mikate. Chumba kimoja, kaka. Hatuenei.

— Kwa hiyo navuka bahari nzima nije nikalale na Wajerumani?

Spana akageuka. Watu wanne walikuwa wanamtazama, na hakuna hata mmoja aliyejifanya hatazami.

— Ottavio. Siku ile nilikwambia usirudi.

— Nilikusikia.

— Sikupaswa.

— Na mimi nilipaswa kuja. Sikuwa na nauli, na kusema sina nauli niliona aibu. Ikawa hivyo. Akakohoa. Unadhani kwa nini nilimwambia Graciela aulize habari za kitanda? Nilisema, akijibu kwamba kila mahali kumejaa, basi nimeshajibiwa. Yeye akasema baba mdogo anatafuta. Siku tatu nimekaa karibu na hii simu kama kijana mwenye mchumba.

Spana akafuta uso kwa kiganja, akasingizia upepo ingawa hakuna aliyemuuliza. Akaifunika simu kwa mkono.

— Dada Nives. Kile cha juu ya hicho cha chini, kina mtu?

— Hakina.

— Niandikie mimi.

— We! Profesa akaruka. Miaka sabini, unapanda dabo deka?

— Nimepanda ngazi za chumba cha injini miaka arobaini, na nikazishuka. Niandikie, dada. Jumapili mpaka Ijumaa. Watu wawili.

Nives hakuwa na karatasi. Palmira akampa kalamu na leso ya karatasi, naye akaandika hapo hapo, majina mawili, moja juu ya lingine.

— Delfino? sauti ikaita simuni. Upo?

— Nipo. Nimekuwekea cha chini. Juu nipo mimi.

Ndege alilia tena huko Argentina. Ottavio aliposema tena, sauti yake ilikuwa imeshuka.

— Mama yuko upande gani wa makaburi?

— Upande wa ziwani. Ukuta wa pili, chini ya ile miberoshi.

— Ni mbali toka hosteli?

— Dakika kumi. Kwa goti lako, ishirini. Tutaenda Jumatatu asubuhi, jua halijawa kali.

— Ishirini naiweza, Ottavio akasema.