Dirisha la Jikoni: Maisha ya Eustaki Viktor Mkopi, Mpiga Picha wa Kibaoni

Wapendwa waombolezaji, kabla hatujataja tarehe hata moja, familia inawaomba mumtazame kwa macho ya moyo mtoto wa miaka minane amesimama nje ya jiko la udongo, juu kule milimani Mahenge, asubuhi ya ukungu ya mwezi wa Januari, mkononi ana kifurushi cha nguo, shingoni amevalishwa rozari, dirisha la jiko limemzidi kimo kidogo, kwa hiyo anasimama kwa vidole vya miguu, na ndani, katikati ya moshi, anauona mgongo wa mama yake na mikono inayopeta mchele. Gari linapiga honi barabarani. Mtoto anasubiri mama ageuke, mama hageuki, ungo unaendelea kupanda na kushuka, na mtoto anaondoka.

Mtoto huyo ndiye tunayemsindikiza leo, na mama huyo ndiye aliyeketi pale kwenye mkeka, karibu na mlango.

Marehemu Eustaki Viktor Mkopi alizaliwa tarehe 14 Machi 1969 huko Mahenge, Wilaya ya Ulanga, akiwa mtoto wa kwanza wa Mzee Viktor na Mama Balbina, akabatizwa mwaka huohuo wakati wa Pasaka. Baba yake alifariki Oktoba 1977, kukabaki mjane, watoto wadogo na shamba la mlimani lisilotosha, na ndipo baba yake mdogo, Mzee Fidel, aliyekuwa akiishi hapa Kibaoni, Ifakara, alipokubali kumchukua Eustaki ili asome. Aliondoka nyumbani Januari 1978, asubuhi ile tuliyoitaja.

Alisoma shule ya msingi hapa Ifakara kuanzia mwaka 1978 hadi 1984, alikuwa mtoto mtulivu, mwandiko wake ulikuwa mzuri, lakini walimu wake walikumbuka kwamba kila gari la Mahenge lilipopita karibu na shule aliacha kuandika akainua shingo. Mama yake alikuja kumwona kila baada ya mavuno, akamletea karanga na ndizi, akamkagua kucha na masikio, akaondoka, na kila alipoondoka mtoto alimtazama usoni kutafuta chozi hata moja na hakuliona. Hofu ilimwingia hapo, kwamba pengine alipelekwa mbali kwa sababu hakupendwa, na hofu ya namna hiyo, ikishaingia kwa mtoto, hukua pamoja naye na kubadilisha nguo tu.

Baada ya shule alijifunza kazi ya picha katika studio moja ya mjini, kuanzia mwaka 1986, akiosha filamu gizani na kupiga picha za pasipoti, na mwaka 1994 alifungua studio yake mwenyewe hapahapa Kibaoni. Ni katika studio hiyo alipoingia binti mmoja mrefu, Kabula, mtoto wa Mzee Mayunga, mfugaji aliyehamia bondeni na ng'ombe wake kutoka Usukumani, akaketi kwenye kiti bila kucheka. Eustaki akamwambia, "Dada, tabasamu kidogo basi," naye akajibu, "Kwani unapiga picha meno? Piga sura." Walifunga ndoa takatifu tarehe 27 Julai 1996, na Mungu akawajalia watoto wawili, Merina, aliyezaliwa mwaka 1998, na Seni, aliyezaliwa mwaka 2003.

Kwa kamera ya video aliyoinunua baadaye, marehemu alirekodi harusi, kipaimara, mahafali na misiba, kuanzia Mang'ula hadi Mlimba, na wengi mlioketi chini ya maturubai haya mna sherehe zenu alizozipiga yeye. Lakini hatuwezi kusimulia kazi yake bila kuitaja filamu moja, kwa maana aliyemfahamu Eustaki aliifahamu na filamu ile, apende asipende.

Aliiona kwa mara ya kwanza mwaka 2004 katika banda la video hapa Kibaoni, inaitwa Dirisha la Jikoni, ni tamthilia ya kimya kimya, haina bunduki wala mganga, inamhusu Bi Sikitu, mjane anayempeleka mwanawe kulelewa mjini, na mtoto anarudi kila likizo, anasimama kwenye dirisha lilelile la jiko na kumtazama mama yake akifanya kazi. Watu walitoka bandani wakilalamika, wengine wakidai warudishiwe kiingilio, yeye akabaki ameketi hadi mwenye banda akazima jenereta. Baadaye alitafuta diski yake, akaicheza studioni mwaka hadi mwaka, na kila kijana aliyekuja kujifunza kazi kwake alianza kwa kuitazama.

Kwa miaka kumi na mitano aliwafundisha vijana hao hivi, akisimamisha picha na kuonyesha kwa kidole: "Tazameni, mikono tunaiona, ungo tunauona, mgongo tunauona, sura hatupewi. Mwongozaji amemnyima huyu mama sura kwa kuwa hana huruma. Ana roho ya jiwe." Alilisema kwa utulivu, kama mwalimu anayesoma kilichoandikwa ubaoni, lakini Kabula, aliyekuwa akimletea chai, aliona kila mara jinsi chai ile ilivyopoa bila kuguswa. Na Mahenge alikwenda mara mojamoja tu, akasema shikamoo, akaketi barazani, hakuingia jikoni, na jua halikuzama akiwa kule.

Mwaka 2019, mwezi wa Septemba, alipiga sherehe ya kumuaga binti mmoja huko Mang'ula, akasimamisha kamera mlangoni, nyuma ya mama mzazi kukiwa na dirisha linalowaka jua. Familia ile ilipoitazama kazi yake ilinuna, mama yule alionekana kivuli cheusi kilichonyooka, kana kwamba hakuguswa na lolote. Eustaki akajitetea kwamba kamera haisemi uongo, mama mwenyewe hakulia. Hapo shangazi wa bibi harusi, Mama Agnetha, akasimama na mikono kiunoni: "Kaka, wewe ulisimama mlangoni na wapita njia! Mimi nilikuwa ubavuni kwake, kitenge changu chote kimelowa machozi ya huyu mama, nikakikamua kama dekio. Njoo ukae nilipokaa mimi ndiyo useme hakulia." Watu wakacheka, yeye hakucheka. Alirudi Ifakara jioni ile.

Alipofika aliiwasha filamu yake, na kwa mara ya kwanza hakumtazama Bi Sikitu, aliitazama kamera. Akaona kwamba mwanzoni kamera imewekwa chini, kwenye kimo cha mtoto, ndiyo maana dirisha linakata kichwa cha mama na kuacha mikono, akaona kwamba kila likizo inapanda kidogo, kadiri mtoto anavyokua, lakini inabaki nje, moshi uko kati yao, na mwanga unatoka nyuma ya mama. Akaona kwamba katika sehemu ya mwisho mtoto, akiwa mtu mzima, anainama kupita mlango mfupi wa jiko, na kamera inainama pamoja naye, inaingia, muziki unakatika, inakaa chini karibu na mafiga, na hapo tu sura ya mama inaonekana nzima, nayo ni sura ya mtu aliyelia miaka yote. Sura hiyo alikuwa ameitazama mara zisizohesabika, na siku zote alisema mama amejuta uzeeni. Sasa alimwambia mke wake, "Mama Merina, huyu mama hakubadilika. Aliyehama ni anayetazama." Kabula akamuuliza, "Na wewe utahama lini?"

Ugonjwa wa kisukari alikuwa ameshagunduliwa nao tangu mwaka 2015, na mwaka 2021 ukaanza kumla macho. Alitibiwa kwa uangalifu mkubwa, lakini mwanzoni mwa 2024 daktari alimweleza kwa upole kwamba nuru iliyobaki haitadumu. Kuanzia siku hiyo hofu moja tu ilikaa naye, ale nayo, alale nayo, kwamba atakuwa kipofu kabla hajauona uso wa mama yake kwa karibu. Alipanga safari mwezi wa Machi, mvua zikaja kubwa, bonde likajaa maji, barabara ya Mahenge ikawa tope na magari yakakwama. Kila asubuhi alikaa kitandani akijipima kwa kalenda ya ukutani, na kila asubuhi kalenda ilimkimbia. "Kabula, umeisogeza kalenda?" "Sijaisogeza, baba Merina." "Basi taa ni ndogo." "Basi ni taa," alisema mke wake, akatoka nje kufuta macho yake mwenyewe.

Barabara ilipopitika, mwezi wa Juni, Kabula alimshika mkono hadi kwenye kiwanja cha nyumbani. Mama Balbina alikuwa jikoni. Eustaki hakuketi barazani, aliinama akaingia, mama akamkemea, "Toka huko, utachafuka masizi, kiti kiko nje!" Naye akasema, "Nimekuja kukaa ndani, mama," akavuta kigoda hadi magoti yao yakagusana, akamshika mashavu kwa mikono miwili na kumtazama, kwa muda mrefu, kwa nuru iliyokuwa imebaki. Kisha akamuuliza alichokibeba tangu utotoni, kwa nini siku ile hakugeuka.

Mama yetu alimjibu hivi, na Kabula alikuwepo akasikia: "Ningegeuka machozi yangenitoka, ukayaona. Kwetu aliye safarini haliliwi mpaka afike, ukimlilia umemfanya maiti. Nilimaliza kupeta ule mchele, nikaupeta tena, nikaupeta hata hauna pumba. Siku Fidel alipoleta habari kwamba umefika salama na umekula, ndiyo nikalia, nikalia hapahapa, moshi ukanisitiri."

Marehemu alirudi Ifakara akiwa mwepesi, akamwambia kila mteja kwamba ameiona sura, na wengine walidhani ameanza kuchanganyikiwa. Kufikia Desemba 2024 macho yalikuwa yamefunga kabisa. Alifundisha vijana wake kwa mdomo, akawauliza neno lilelile kabla hawajawasha kamera, "Umesimama wapi?" Agosti 2025 figo zilidhoofika, akalazwa hospitalini hapa Ifakara, akatoka, akarudi, na tarehe 11 Oktoba 2025, saa kumi alfajiri, mkono wake ukiwa katika mkono wa Kabula, aliitwa na Mungu akiwa na umri wa miaka hamsini na sita. Ameacha mama, mjane na watoto wawili.

Sasa, ndugu zetu, kuna jambo ambalo familia haiwezi kulipita, ingawa ni zito kulisema. Tangu jana gari lilipomshusha Mama Balbina, maneno yamekuwa yakitembea, yametoka kwenye turubai la akina baba, yamefika kwenye masufuria, "Mama gani huyu, mwanawe yuko ndani ya sanduku, jicho kavu?" Na wengine wameongeza mengine mabaya zaidi, maneno ambayo yakishatamkwa juu ya mwanamke mzee huwa hayarudi mdomoni, na tumeona simu zikiinuliwa kumpiga picha, kusubiri alie au asilie. Tumekesha na hofu hiyo, kubwa kuliko hata hofu ya kaburi.

Asubuhi hii Merina alikwenda kumwomba, "Bibi, lia hata kidogo, watu wanasema." Akamjibu mjukuu wake, "Waache waseme. Baba yako yuko njiani. Ataingia kwenye nyumba yake, watafunika, padri atamaliza. Akishafika, nitalia."

Kwa hiyo tunawaomba wenye kamera na wenye simu, wakati wa kuaga, wabaki nje ya kamba, na mama yetu aende kwa mwanawe peke yake na Kabula, apite kama atakavyopita, na baada ya mazishi jiko la nyumba hii litakuwa lake, mlango utarudishwa, asiingie mtu asiyeitwa.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia kwa uvumilivu wote, majirani wa Kibaoni mlioleta kuni, mchele na mikono yenu, wanajumuiya mliosali nasi, ndugu waliotoka Ulanga na upande wa Mzee Mayunga, na wapiga picha wenzake mlioacha shughuli zenu na kuja, baadhi yenu mkiwa mmeshika kamera alizowafundisha kuzishika. Hatuna cha kuwalipa, Mungu anayewaona kwa karibu atawalipa.

Eustaki, safari iliyobaki ni fupi, pumzika kwa amani, na huko uendako nuru haipimwi kwa kalenda ya ukutani.

Nanyi mliotusikiliza kwa utulivu, tunawaomba jambo moja tu, wala si kubwa: leo mtakapomwona mama huyu amenyamaza kando ya kaburi, kumbukeni mmesimama nje ya dirisha.