Ngozi ya Watasema

Kijiwe chetu hapa Basotu ni gogo moja la mgunga, limelazwa kwenye kona, mbele yake barabara ya kushuka ziwani na nyuma yake uwanja wa mashine ya kupiga ngano. Kahawa ni yangu mimi, Bibi Efrazia, na birika likikauka kijiwe kimefungwa. Nakaa mwisho wa gogo upande wa kushoto, kwa sababu ukikaa hapo unamwona kila anayepita na kila anayejificha. Upande wa kulia kuna ngozi ya kondoo imetandikwa, na kwa baridi ya Julai kwetu hapa ngozi hiyo ni dhahabu. Anayewahi ndiye anayeikalia, na miezi yote anayewahi ni Mzee Marko. Tunamwita Spika, maana yeye ndiye anayetoa ruhusa ya kusema, na hampi mtu. Katikati anakaa Hermani, jina lake la kijiweni Kombaini, kibarua wa mavuno kwenye mashamba makubwa. Na chini ya gogo, miguuni pa Spika, analala mbwa wa Nicodemo. Mbwa huyo anaitwa Watasema. Jina alilitoa Hilda, mke wa Nicodemo, mwaka walipoanza kuchoma matofali ya nyumba yao mpya. Wapo wanaosema lilikuwa ujumbe kwangu. Mimi nililipokea vizuri tu, na nikasema.

Jioni hiyo Nicodemo mwenyewe alikuja anaburuta miguu, macho mekundu, akakaa kama mtu aliyeangushwa na mzigo wake.

— Shikamoo bibi. Shikamoo mzee.

— Marahaba, nikamjibu. Hukulala?

— Nitalala wapi? Jioni nzima anajikuna mlangoni kwangu, anasugua mgongo kwenye bati, krrr, krrr, mpaka meno yananiuma. Nikitoka na fimbo anaondoka. Nikirudi kitandani bado namsikia kichwani.

Chini ya gogo mguu wa Watasema ulikuwa unapiga mti: tu-tu-tu-tu. Nilimchungulia. Masikio yamevimba, mgongo umepukutika manyoya, ngozi imekuwa nyeusi na ngumu kama sufuria ya makande isiyosuguliwa. Alinitazama mara moja, akaendelea na kazi yake.

— Mpe kahawa kabla hajaanguka, Spika akaniamuru.

Nikammiminia. Nicodemo alikishika kikombe kwa mikono miwili, hakunywa.

— Kesho asubuhi bwana mifugo anakuja kuchanja mbwa, alisema. Nimeshaongea naye. Watasema hachanjwi. Watasema anamalizwa.

Hata Spika aliinama kuchungulia chini ya gogo. Mbwa yule tumemzoea. Akikosekana kijiweni ni kama amekosekana mtu.

— Kaka, usifanye haraka, Kombaini akasema. Ile oili chafu ya trekta niliyokuletea ulimpaka?

— Nilimpaka. Alichafua ukuta mpya wote, na bwana mifugo akanigombeza, akasema oili ile inamuunguza na akiilamba inamuua.

— Na dawa ya josho?

— Nilimwogesha na ile ya ng'ombe. Alitapika siku nzima. Majivu ya bibi nilimpaka. Mkojo wa ng'ombe nilimpaka. Sabuni ya unga, mwarobaini, vyote. Sindano amechomwa: akapata nafuu wiki mbili, kisha ikarudi kwa hasira. Jamani, nimekuja kunywa kahawa. Sikuja kupewa dawa nyingine.

— Tatizo mnatibu bila kujua ugonjwa, Spika akasema, akijiweka vizuri juu ya ngozi yake. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Sasa mbwa ana nguo?

— Hana.

— Basi hakuna kinachomla. Huo ni ushahidi. Ugonjwa uko ndani.

— Ndani wapi, mzee? Kombaini aliuliza, huku na yeye anajikuna shingo.

— Kwenye samaki. Huyu mbwa anakula vichwa vya perege kule ziwani toka mdogo. Magamba yamejaa tumboni. Yanatafuta njia ya kutoka. Manyoya yanapukutika ili magamba yapate nafasi.

— Kwa hiyo atakuwa samaki?

— Sijasema atakuwa samaki. Nimesema mpeni muda.

Nilicheka mpaka nikamwaga kahawa. Nicodemo hakucheka.

— Siyo samaki, Kombaini akasema. Ni ule mnara wa simu. Toka umewekwa, huyu anajikuna. Wewe bibi, simu yako ikiita si inatetemeka?

— Inatetemeka.

— Basi na yeye anaitwa. Kila mtu wa Basotu akipigiwa simu, inapita kwanza mgongoni kwa Watasema.

— Ndiyo maana Jumapili anajikuna zaidi, nikamsaidia. Watu wanapigiana sana wakitoka kanisani.

— Umeona!

— Kaa kimya wewe, Spika akamkemea Kombaini. Kwanza wewe mwenyewe unajikuna kuliko mbwa. Na wewe unaitwa na nani?

— Mimi ni makapi ya ngano, mzee. Leo upepo umetuelemea shambani, yameingia mpaka kwenye soksi. Jana mke wangu Imakulata kaninyima mlango kabisa. Anasema, "Vua koti huko huko nje, lipige ukutani, ndiyo uingie." Nimesimama kwenye baridi na fulana kama mwizi. Usipovua, usiku hulali wewe, na aliye kando yako halali.

— Mwanamke mwenye akili, nikasema.

— Akili ni nywele, kila mtu ana zake, Spika akadakia. Sasa mtazameni huyu mbwa. Nywele zimekwisha. Kwa hiyo na akili imekwisha. Mimi sasa naona hivi: haumwi ngozi. Anaota. Ameota ndoto kwamba anawashwa, na akili ya kuamka hana. Sisi tunamwona anajikuna, kumbe yeye amelala.

— Na mimi je? Nicodemo akauliza. Maana mimi ndiye nisiyelala.

— Wewe umo kwenye ndoto yake.

Hapo Nicodemo aliweka kikombe chini.

— Mzee, kwa heshima yako. Siyo ndoto. Wiki iliyopita fisi ameingia zizini kwangu, amechukua kondoo jike mwenye mimba. Kondoo ambaye watoto wangu walimpa jina. Huyu mbwa hakubweka hata mara moja. Zamani fisi akipita ng'ambo ya mto kijiji kizima tuliamka kwa kubweka kwake. Kujikuna ningevumilia. Harufu ningevumilia. Lakini mbwa asiyebweka fisi anakaa kwangu kwa kazi gani? Nimechoka, bibi. Nimechoka naye, na nimechoka kumwonea huruma.

Spika akakohoa.

— Fisi akimla muwele, mzima funga mlango. Usiku ule mlango uliufunga?

— Niliufunga kwa komeo.

— Basi wewe huna kosa. Tumefunga mjadala.

Ndipo Evaline alipotokea barabarani, kamba ya katani imekunjwa mkononi. Ni mama mmoja mjane, amehamia majuzi tu kutoka Masieda, amepanga kwenye nyumba ya mwisho karibu na maji. Kwa nini amehama najua, lakini siku ile haikuwa zamu yake ya kusemwa.

— Shikamoo bibi. Shikamooni wazee.

Tukamwitikia. Nikamnyooshea kikombe, akakataa kwa heshima, akainama kutazama chini ya gogo.

— Ndiye huyu? Bwana mifugo ameniambia kuna mbwa wa kumalizwa kesho. Nikasema kabla hajamalizwa nimtazame. Nina mbuzi, na fisi wa huku hawajui kama mimi ni mgeni.

— Mama, ana ugonjwa, Nicodemo alisema bila kuinua uso. Sitaki kukudanganya.

— Nauona. Analala wapi?

— Anajikuna mno.

— Hata kipofu angemsikia, baba. Nauliza usiku analala wapi. Wa kwangu kule Masieda alizoea jikoni. Huyu nikimfunga mahali asipopazoea atalia mpaka asubuhi, na mimi naishi peke yangu.

— Analala kwangu, Nicodemo akasema.

— Kwako wapi?

— Pale... nje.

— Nje mlangoni?

— Mlangoni namfukuza. Nimesema, kwa ajili ya kelele.

— Zizini?

— Zizini hapana. Hilda anaogopa ataambukiza kondoo.

— Sasa wapi?

Nicodemo alimtazama Kombaini, Kombaini akanitazama mimi, nami nikamtazama Spika. Spika akatazama ziwa, kana kwamba jibu lingetoka huko na perege. Mimi najua nani kwetu analala wapi, na wengine najua hata pale ambapo wenye nyumba hawajui. Lakini nilikuwa sijui mbwa yule analala wapi. Kila mmoja wetu alikuwa amempaka kitu, na swali hilo hakuna aliyelifikiria.

— Jua linazama, Evaline akasema. Mwacheni atuonyeshe mwenyewe.

Tukakaa tunamngoja mbwa, watu wazima wanne na mgeni. Kahawa ilikuwa imebaki tone, sikuimimina. Giza lilipoanza kuingia Watasema alitoka chini ya gogo, akajinyoosha, akajikuna sikio, akamtazama Nicodemo. Kisha akaitazama njia ya kwenda nyumbani. Akasimama hapo kwa muda, mkia umening'inia. Halafu akageuka, akatupita nyuma ya migongo yetu, akaingia uwanja wa mashine.

Tulimfuata. Palikuwa ni hatua chache tu. Kule mashine inakotemea makapi kuna lundo refu kuliko mtu, na makapi yakirundikana yanahifadhi joto. Baridi ya Julai haiyaingii. Ubavuni mwa lundo kulikuwa na shimo lililoshindiliwa vizuri, kipimo cha mbwa. Lilikuwa la siku nyingi, manyoya yake yalijaa humo. Watasema alijizungusha mara mbili, akajichimbia mpaka ikabaki pua. Na hapo hapo lundo likaanza kutikisika: tu-tu-tu-tu.

Kombaini alijikuta ameshika shingo yake mwenyewe.

— Yaani mimi nikilala humo na koti... alisema, akaanza kuikuna.

— Na kutoka hapa mbwa atamsikiaje fisi wa kwako? Evaline akamuuliza Nicodemo, taratibu tu, bila ubaya. Nyumba yako ni ile kule mlimani?

— Ndiyo ile.

— Mbali.

Nicodemo alikuwa ameshika kichwa.

— Kwenye nyumba ya udongo alikuwa analala mlangoni, alisema. Kwa ndani. Tulipohamia hii mpya Hilda akasema kwenye sakafu ya vigae mbwa hapandi, na mimi nikasema sawa, si atazoea nje. Mbwa ni mbwa. Kule alikuwa na ngozi yake ya kulalia. Siku ya kuhama tuligawa vitu vya zamani vyote, na ngozi nayo...

Hakuhitaji kuendelea. Siku Hilda alipogawa vitu nilikuwepo. Mimi nilichukua chungu, na ngozi ya kondoo ikaletwa kijiweni. Miezi yote hiyo tunasema, tazameni mbwa alivyompenda Spika, hatoki miguuni pake.

Tulirudi kwenye gogo. Spika alikuwa ametutangulia, ameshakaa. Tukasimama mbele yake, wote wanne.

— Hoja hii ingeahirishwa mpaka Agosti, Spika akasema. Agosti baridi inapungua.

Tukaendelea kusimama.

Aliinuka kwa kuugua, akaikung'uta ngozi, akaikunja, akamkabidhi Nicodemo kwa mikono miwili kama anarudisha mahari.

— Na vigae je? nikamuuliza Nicodemo. Hilda atasema nini?

— Atasema, akajibu. Naye ana haki ya kusema.

Alirudi kwenye lundo, akamwita mbwa kwa jina. Ilibidi amwite tena na tena ndipo akatoka. Huyo mbwa alikuwa amezoea sauti hiyo kuja na fimbo. Evaline alikunja kamba yake upya.

— Basi mimi nitatafuta mwingine, akasema. Sasa bibi, ile kahawa?

Nikammiminia tone lililobaki.

Asubuhi yake bwana mifugo alikuja, akamchanja Watasema kama mbwa wengine, akaacha na dawa ya ngozi, akasema itachukua muda. Anajikuna bado, nisikudanganye. Siku nyingine unaona amepona, siku nyingine unaona bora angekuwa perege. Hilda hanisalimii, toka mbwa alale ndani kwenye vigae. Lakini juzi usiku Watasema alibweka mpaka tukatoka na tochi, na zizini kwa Nicodemo kondoo wote walikuwepo.

Kijiwe ndicho kimeumia. Gogo ni la baridi, linauma mifupa. Spika amejitafutia gunia la kukalia, ameliokota uwanja wa mashine. Toka juzi anajikuna mapajani, anaulaumu mnara wa simu, na sisi tunamsikiliza.