Lucien Lwaboshi na ndoa iliyorukwa

Mi Orpa, shangazi yake, njo nasoma historia ya marehemu hapa mbele ya jeneza, na ile karatasi niliyopewa asubuhi nimeikataa.

Lucien Lwaboshi alizaliwa Uvira tarehe 14 Machi 1989, akasoma primere kwao, sekondari Bukavu, akapata diplome mwaka 2008, vita ikatutupa hapa Malawi, kambi ya Dzaleka, mwaka 2011, akajifunza kompyuta katika duka la fotokopi Area 25, Lilongwe, akafanya kazi pale mpaka serikali ilipoturudisha bote kambini mwaka 2023, akafungua darasa katika salon, sebule ya nyumba yake.

Banafunzi banaoanza alibafundisha XSLT, luga ya kuandika kanuni, kompyuta inapewa habari zilizopangwa, kila moja na jina lake, na kanuni zinazigeuza kuwa ukurasa wa kusomeka. Kwa kuwa hapa mazishi hayaishi, somo la kwanza lilikuwa historia ya marehemu: kuzaliwa, masomo, kazi, ndoa, batoto, ugonjwa, kifo. Mi nilikuwa nachambua maharagi mlangoni, nilimusikia mpaka nikachoka, akisema kwamba sehemu isiyo na habari kanuni zinairuka kimya, ukurasa unatoka safi, basi usiuamini kwa usafi wake.

Karatasi ya leo banafunzi wake njo balitengeneza, kwa habari balizopewa na Zénon, mdogo wa marehemu, na imetoka safi kabisa, kutoka kazi inaingia ugonjwa. Zénon anataka nyumba na kompyuta, anasema mke wa Lucien, kwa kuwa ni mwanamke wa Bujumbura, hawezi kuwa mjane wetu. Na ninyi munaokaa humu mulikula mchele wa arusi yao, leo munaangalia viatu vyenu.

Basi nasoma kilichorukwa. Tarehe 6 Agosti 2016, katika kanisa hili, Lucien alimuoa Carelle, na tarehe 19 Mei 2018 akazaliwa binti yao Gabriella. Mafigo yalianza kumusumbua Januari 2025, Carelle njo alimupandisha kabaza, baiskeli ya kubeba batu, kila safari ya kwenda hospitali, Zénon hakufika hata kuchungulia, na tarehe 9 Juni Lucien alikata roho Lilongwe, mikononi mwa mke wake.

Tunashukuru baganga wa hospitali na manesi, majirani balioleta nsima, ugali wa hapa, balimu wenzake, na hata banafunzi, ingawa baliandika bila kuuliza.

Carelle, toka huko nyuma na mtoto, kuya ukae hapa pa kichwa cha bwana yako. Zénon, simama umupishe. Mi niko mzee, kungoja hakunichoshi, na jeneza halitatoka humu kabla Carelle hajakaa. Akisha kukaa, njo nitamuambia Lucien apumzike.